Jedwali limekwama, sina duara hata moja: nibahatishe au kuna njia?

Fotokopi_Nyawera

Jambo wote. Nafanya kazi kwenye sekretaria publiki hapa Nyawera, Bukavu: fotokopi, kuskani, kuwapigia wanafunzi TFC zao (kazi za kumalizia masomo ya chuo) kwenye mashine. Umeme ukikatika na mafuta ya jenereta hayajafika, nachukua karatasi zilizoharibikia kwenye printa, nageuza upande mweupe, nachora mafumbo ya jedwali. Yale ya nani anauza nini na alifika saa ngapi. Nilianza na ya Kifaransa ambayo mteja alitoa kopi akayasahau mezani. Siku hizi nayabadilisha majina yawe ya kwetu, maana Monsieur Dupont na mbwa wake hawanihusu kitu.

Hili hapa limenishinda. Akina mama wanne wanafika sokoni asubuhi, kila mmoja kwa saa yake: saa 11, saa 12, saa 1 na saa 2. Hakuna wawili waliofika pamoja. Ni Mama Bahati, Mama Furaha, Mama Neema na Mama Zawadi. Kila mmoja anauza kitu kimoja tofauti na wenzake: sambaza (samaki wadogo wa ziwani), makala (mkaa), maharage au mafuta ya mawese.

1. Mwenye sambaza alifika lisaa limoja kamili kabla ya Mama Bahati.
2. Mama Neema alifika baada ya Mama Bahati.
3. Mwenye makala alifika kabla ya mwenye sambaza.
4. Mama Zawadi hauzi sambaza.
5. Mama Neema hauzi mawese.

Jedwali langu lina sehemu tatu: majina na bidhaa, majina na saa, bidhaa na saa. Pasipowezekana naweka msalaba, penye uhakika naweka duara. Nimesoma kidokezo kimoja kimoja. Bahati si wa sambaza. Hakufika saa 11 kwa sababu kuna mtu mbele yake, wala saa 2 kwa sababu Neema yuko nyuma yake. Neema si saa 11. Sambaza si saa 2 wala saa 11. Makala si saa 2. Zawadi si sambaza, Neema si mawese. Basi. Misalaba 9 kwenye visanduku 48, duara sina, na vidokezo vimekwisha.

Kwenye sambaza nimebaki na wawili, Furaha na Neema. Yaya yangu, dada yangu mkubwa, anasema chagua mmoja uendelee, ikikataa utafuta. Shida ni hapo kwenye kufuta: nitajuaje msalaba upi niliupata kwa haki na upi ulizaliwa na ile bahati yangu? Naomba mnionyeshe njia. Jibu lenyewe msinipe.

Motari_wa_Panzi

Dada, wawili tu na bado unaumiza kichwa? Mimi nikikuta njia mbili za kupanda mtaa wa Essence na sijui ipi ina matope, nachukua moja. Ikigoma, nageuza pikipiki. Weka Furaha, songa mbele.

Tena usijilaumu. Kwenye WhatsApp walituma fumbo la namna hii hii wakasema Einstein ndiye aliyelitunga na kwamba asilimia 2 tu ya watu wa dunia nzima wanaliweza.

Mwalimu_Bagira

Binti, umeandika neno moja ambalo lingenifanya niishike chaki tena: "vidokezo vimekwisha". Havikwishi! Ulivisoma mbele ya jedwali tupu. Sasa jedwali lina misalaba 9, kwa hiyo kidokezo kile kile kina maneno mapya ya kukuambia. Rudi kwenye cha kwanza, ukisome polepole huku unaangalia misalaba yako mwenyewe.

Bahati amebakiwa na saa ngapi? Saa 11 umeikata, saa 2 umeikata. Zimebaki saa 12 na saa 1. Sambaza inamtangulia kwa lisaa limoja kamili, siyo "kabla" tu. Basi sambaza ni saa 11 au saa 12. Lakini saa 11 uliikata kwa kidokezo cha tatu, maana makala lazima iwe mbele. Sambaza ni saa 12. Hilo ni duara lako la kwanza, na hakuna aliyelibahatisha. La pili linafuata papo hapo: Bahati ni saa 1.

Sasa subiri. Wengi wakishapata duara wanakimbilia kidokezo kingine kwa furaha. Kwanza lihudumie duara. Sambaza ikiwa saa 12, mstari mzima wa sambaza unapata misalaba kwenye saa nyingine tatu, na mstari wa kusimama wa saa 12 unapata misalaba kwenye bidhaa nyingine tatu. Fanya hivyo hivyo kwa Bahati na saa 1. Nilikuwa nawakatalia wanafunzi kusoma chochote mpaka hiyo misalaba iwe karatasini, kwa sababu msalaba ulioko kichwani haukusaidii unapotafuta kisanduku cha mwisho kilichobaki wazi.

Kisha kidokezo cha pili: Neema alifika baada ya Bahati, Bahati ni saa 1. Huhitaji mwalimu hapo.

Halafu inakuja hatua ambayo ndiyo iliyokukwamisha, naona wazi kutokana na ulivyoeleza. Unazitumia zile sehemu tatu kama kaye (daftari) tatu za masomo matatu. Kumbe zinazungumza habari za watu wale wale! Sambaza na saa 12 sasa ni kitu kimoja. Yeyote aliyekataliwa na saa 12 amekataliwa na sambaza, na yeyote aliyekataliwa na sambaza hakufika saa 12. Neema hayuko saa 12. Nenda sehemu ya majina na bidhaa, umwekee Neema msalaba kwenye sambaza. Zawadi tayari ana msalaba wake kutoka kidokezo cha nne, na uchukue huo huo uuhamishie upande wa saa: Zawadi si saa 12. Misalaba inahama kutoka sehemu moja kwenda nyingine kwa kupitia duara. Mtu asipoihamisha, jedwali linaonekana limekufa wakati lina uhai tele.

Uliomba njia, kwa hiyo naachia hapa. Zilizobaki ni zako.

Kijana wa pikipiki, njia yako ya Essence ukikosea unaona matope kwa macho. Kwenye jedwali matope hayaonekani mpaka umekata visanduku ishirini juu yake. Tena kuna jambo baya zaidi. Tuchukulie dada huyu angechagua Furaha na kufika mwisho bila ugomvi wowote. Je, angekuwa amethibitisha? Hapana. Angekuwa ameonyesha kwamba Furaha anawezekana. Hajaonyesha kwamba Neema hawezekani, na kazi ni hiyo. Majina kwa saa yana mipangilio 24, majina kwa bidhaa 24, jumla 576. Kidokezo ni kifaa cha kuondoa. Hesabu yako ni kuonyesha kwamba 575 zimeondoka.

Nawajua watoto wa Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Maswali ya kuchagua yamewazoeza kuweka alama kwanza na kutafuta sababu baadaye, na wakipatia wanadai walijua.

Neno la pembeni, kwa kuwa umeweka bidhaa za kwetu. Sisi tunajua sambaza inavuliwa usiku kwa taa huko ziwani, na mama wa sambaza anaamka mapema kuliko mama wa maharage. Jedwali halijui hayo. Ukiwa na usingizi, mkono unaweza kumpeleka mwenye sambaza saa 11 kwa sababu ndivyo ulivyozoea kumwona, na hutatambua kwamba kidokezo hicho umekitunga wewe. Kwa sababu hiyo mimi nilipendelea herufi tupu, A, B, C, D. Lakini wanafunzi walisinzia, nakubali.

Cherehani_Kadutu

Papa Mwalimu, jambo. Mimi hili nimelimaliza bila jedwali, nikiwa na chaki ya kukatia kitambaa juu ya meza.

Angalieni vidokezo vya 1, 2 na 3. Cha 1 na cha 2 vyote vinamtaja Bahati. Cha 1 na cha 3 vyote vinataja sambaza. Nikaviunga:

makala – sambaza – Bahati – Neema

Kila mmoja yuko mbele ya anayefuata, kwa hiyo hao ni watu wanne tofauti. Hakuna namna mwenye makala awe ndiye Bahati wakati Bahati yuko nyuma yake. Watu wanne, saa nne. Foleni imejaa yenyewe: saa 11, saa 12, saa 1, saa 2. Kidokezo cha 4 na cha 5 vinakuja kumalizia majina na bidhaa tu.

Tangu nilipoanza mafumbo haya, vidokezo vya "kabla" na "baada" naviandika kwenye mstari mmoja kwanza kabla sijagusa visanduku. Vile vya "si" na "hauzi" ndivyo napeleka kwenye jedwali. Kimoja kimoja vinasema kidogo sana. Ukivipanga kwa jina linalofanana vinaanza kusema.

Mwalimu_Bagira

Safi kabisa, mama. Ila foleni imejaa kwa sababu vidokezo vitatu vilitoa watu wanne, wakatosha nafasi nne. Kungekuwa na saa sita, ungekuwa na foleni yenye mapengo na ungerudi kwenye jedwali. Lakini kuanza na mstari, hilo nakubali kwa mikono miwili, nami ningelianza hivyo kama binti asingekuwa tayari ameshachora.

Fotokopi_Nyawera

Aksanti sana Papa Mwalimu, aksanti Mama Cherehani. Nimemaliza. Kwa wanaotaka kulinganisha: Zawadi makala saa 11, Furaha sambaza saa 12, Bahati mawese saa 1, Neema maharage saa 2. Ile ya kuhamisha msalaba nilikuwa naifanya mara moja moja bila kujua kwamba ni kanuni.

Nina swali lingine. Kuna moja kubwa la watu watano na mambo manne kwa kila mtu. Nimesoma vidokezo tena na tena, nimehamisha kila kitu, hakuna kinachosogea. Nikisema "tuseme ni huyu" nione inanifikisha wapi, si ndiyo bahati ile ile ya Motari?

Motari_wa_Panzi

Ndiyo ile ile, dada, ila wewe unaipa jina zuri.

Mwalimu_Bagira

Si ile ile. Chukua mfano wa fumbo lako hili hili, pale ulipokuwa na Furaha au Neema. Tuseme Neema ndiye mwenye sambaza. Kidokezo cha 1 kinamweka mbele ya Bahati. Kidokezo cha 2 kinamweka nyuma ya Bahati. Haiwezekani. Kwa hiyo Neema hauzi sambaza, na hapo unaweka msalaba kwa biki, si kwa kreyo (penseli), kwa sababu umethibitisha. Tazama ulichopata: msalaba. Motari anachagua jibu analotaka liwe kweli, kisha anatembea nalo. Sisi tunachagua jibu tunaloshuku kuwa ni uongo na kulibana mpaka lijifunge lenyewe. Wataalamu wa hesabu wamethibitisha mambo kwa njia hii tangu enzi za Wagiriki.

Jinsi ya kuifanya bila kuharibu jedwali: usiifanye juu ya jedwali. Wewe hukosi karatasi! Nakili hali uliyofikia kwenye karatasi nyingine, andika juu yake kwa herufi kubwa unachodhani, kisha endelea huko. Chagua mahali pamebaki uwezekano wa watu wawili tu, na panapoguswa na vidokezo vingi. Ukichagua mahali pa watu wanne, hata ukimwondoa mmoja bado umebaki na watatu. Dhana moja tu kwa karatasi. Ukikuta unadhani ndani ya dhana, simama, rudi, tafuta kisanduku kingine.

Ikigongana, rudi kwenye jedwali halisi na msalaba mmoja wa uhakika. Isipogongana, hujapata chochote, na hapa ndipo watu wanapojidanganya. Dhana kutogongana baada ya hatua kumi si ushahidi. Itupe karatasi hiyo, au geuza, dhani yule wa pili. Na kama wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, wanakulazimisha kuweka msalaba kwenye kisanduku kile kile, basi msalaba huo ni wa kweli hata kama bado hujui ni nani kati yao. Huo ndio utamu wa kazi hii, na wanafunzi wachache sana walikuwa wanauona bila kusukumwa.

Ila kabla ya hayo yote, pitia tena jedwali lako kubwa ukitafuta jambo moja: mistari miwili iliyobakiwa na visanduku viwili vile vile. Kama Furaha na Neema wote wamebaki na saa 12 na saa 1 tu, hujui nani ana ipi, lakini tayari unajua kwamba hakuna mtu mwingine anayeweza kuzigusa saa hizo mbili. Wakate wengine wote hapo. Mara nyingi mtu anayesema hakuna kinachosogea ameruka hilo.

Kuhusu Einstein, kijana, alifariki mwaka 1955. Fumbo maarufu la nyumba tano, lile la nani anafuga pundamilia, lilichapishwa kwenye gazeti la Life International tarehe 17 Desemba 1962. Hakuna ushahidi kwamba aliliandika yeye, na ile asilimia 2 haina mwenyewe. Nyumba ni tano na kila moja ina rangi, mwenyeji, mnyama, kinywaji na sigara. Mipangilio inayowezekana ni 24,883,200,000. Nenda ukabahatishe humo. Anayesoma anapata maduara matatu kabla chai haijapoa: Mnorwe anakaa nyumba ya kwanza, maziwa yananywewa nyumba ya katikati, na kwa kuwa Mnorwe anapakana na nyumba ya buluu na jirani yake ni mmoja tu, ya pili ni buluu.

Sasa kazi ya nyumbani. Kwenye fumbo la akina mama wanne, futa kidokezo cha 3, vingine viache kama vilivyo. Majibu mangapi yanabaki?

Cherehani_Kadutu

Mimi nimejaribu kufuta cha 4 badala yake. Zinabaki njia mbili: Zawadi na Furaha wanabadilishana saa 11 na saa 12 pamoja na makala na sambaza. Kwa hiyo kile kidokezo kidogo cha "hauzi" ndicho kilichokuwa kinashikilia mlango wote huo. Cha 3 namwachia binti, nina nguo za harusi za kumaliza.

Motari_wa_Panzi

Cha 3 nimefika majibu 7 nikapata mteja wa kwenda mtaa wa Nguba.

Fotokopi_Nyawera

Ni 12, Motari. Umeyaacha matano barabarani.

Sambaza inabaki ya Furaha hata bila kidokezo cha 3, kwa sababu Bahati, Zawadi na Neema wote wanakataliwa na vidokezo vingine. Kwa saa kuna mipangilio mitatu: Furaha, Bahati, Neema, Zawadi, au Furaha, Bahati, Zawadi, Neema, au Zawadi, Furaha, Bahati, Neema. Kwa bidhaa zinabaki makala, maharage na mawese kwa watu watatu, na Neema hawezi mawese: akiwa na makala kuna njia mbili za kuwagawia Bahati na Zawadi, akiwa na maharage njia mbili nyingine. Nne mara tatu.

Mwalimu_Bagira

Ndiyo, 12. Tuletee lile la watu watano, na uandike misalaba uliyokwisha kuweka.